Tangawizi haifiki kwenye nyuzi za sauti

Walimu, wahubiri na washereheshaji ndio wateja wangu wakubwa kliniki. Wanakuja sauti imekauka, na karibu wote wameshamaliza tangawizi, asali na ndimu. Sina ugomvi na tangawizi, koo linalowasha hutulia. Ila nyuzi za sauti haizigusi. Zimo ndani ya kongomeo, kwenye njia ya hewa, na unapomeza njia hiyo hufungwa, kinywaji kikapita nyuma yake. Tone likikosea njia utakohoa hadi machozi yakutoke. Mvuke wa maji moto, huo ndio unaofika.

Nyuzi zenyewe ni mikunjo miwili ya nyama laini, kwa mwanamume mzima urefu wake ni kama sentimita 2. Ukipumua zinaachana. Ukitaka kusema zinakutana, hewa ya mapafu inazisukuma kutoka chini, zinafunguka, kisha zinarudi kujifunga, vilevile unavyolia mdomo wa puto ukiuvuta. Kwa mwanamume hutokea mara 100 na ushee kwa sekunde, kwa mwanamke takribani 200. Ubongo hauamrishi kila pigo; wenyewe huzisogeza na kuzikaza tu, kazi iliyobaki ni ya pumzi. Mwaka 1741 daktari Mfaransa Antoine Ferrein alipuliza hewa kwenye kongomeo la maiti, likatoa sauti.

Weka vidole kooni useme "sss", kisha "zzz". Umeusikia mtetemo? Huo ndio mali ghafi. Maneno yanatengenezwa juu, kwa ulimi na midomo.

Sasa fikiria mwalimu anayepigia kelele darasa la watoto 80 kutwa nzima. Nyuzi zinagongana kwa nguvu, daima palepale. Nikipitisha kamera nyembamba puani naviona: vinundu viwili vyeupe vinavyotazamana, kimoja kila upande. Vikigusana, nyuzi hazifungi sawasawa, hewa inavuja, sauti inakwaruza. Naye anazidisha nguvu, na anakohoakohoa kusafisha koo, jambo linalozigonganisha zaidi.

Vinundu vya namna hii mara nyingi havihitaji kisu. Tunamfundisha upya kutumia pumzi, na mimi humwambia mwalimu adai kipaza sauti cha kuvaa shingoni. Lakini sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, hasa kwa mvutaji sigara, aje tuchungulie. Chanzo kinaweza kuwa saratani.