Friji Haifi Umeme Ukikatika, Inakufa Umeme Ukirudi

Juzi mama mmoja wa Mikindani, hapa kwetu Mtwara, aliniletea friji juu ya guta. Hata salamu hatujamaliza akasema, "Fundi, umeme ulikatika jana, umeniunguzia friji." Nikamuuliza, "Uliporudi, mama, ulifanya nini?" Akajibu, "Sikufanya kitu. Ilikuwa kwenye soketi muda wote."

Hapo nikajua ugonjwa kabla sijafungua nyuma. Maneno hayo nimeyasikia Magomeni, nimeyasikia Shangani, na nimechoka kuwaona watu wakipoteza friji kwa jambo ambalo kinga yake ni kuchomoa plagi.

Umeme ukikatika, kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupozea, inasimama, basi. Hakuna koili inayoungua kwa kukosa umeme. Tatizo ni kinachobaki ndani. Kompresa ikisimama ghafla, upande wa kusukuma bado una presha kubwa na upande wa kuvuta una presha ndogo. Gesi inapenya polepole kwenye kapilari, kijibomba chembamba kati ya pande hizo, mpaka pande mbili zilingane, na hiyo inachukua kama dakika 3 hadi 5. Sasa umeme wetu huu unaokatika sekunde 10 ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, unaikuta mota bado imebebeshwa mzigo. Inajaribu kuzunguka, inashindwa, inavuta amperi mara kadhaa ya kawaida yake. Ovalodi, swichi ndogo inayoilinda mota, inakata. Ikipoa inaunga, mota inajaribu tena. Ule mlio wa "tik" unaousikia nyuma ya friji, kimya, halafu "tik" tena, ndio huo. Ukiusikia, chomoa. Usikae kusubiri "itawaka yenyewe".

Kuna na la pili. Umeme ukirudi mtaani, mafriji, feni na pampu zote zinaanza kwa pamoja, na volti zinashuka. Friji imetengenezewa volti 230. Volti zikipungua robo, nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inabaki kidogo tu zaidi ya nusu. Taa inawaka hafifu, unasema "umeme mdogo, afadhali upo." Kwa taa ni afadhali. Kwa kompresa ni heri usingekuwepo.

Kwa hiyo: umeme ukikatika, chomoa friji na friza. Acha taa moja swichi yake ikiwa imewashwa, ikuonyeshe umerudi. Ukirudi, hesabu dakika 10 ukiitazama taa hiyo. Ikitulia, chomeka.

Wengine mtaniambia, "Fundi, mimi nina gadi." Vizuri, lakini hapa ndipo watu wanaponiudhi zaidi, na wauzaji pia. Gadi haiongezi volti. Kazi yake ni kukata zikiwa chini sana au juu sana, na kuchelewesha umeme unaporudi. Stabilaiza ndiyo inayopandisha volti, na zipo stabilaiza zisizochelewesha kitu. Mtu ananunua moja akidhani ana zote mbili. Halafu zipo gadi ambazo taa ya kusubiri inawaka vizuri kabisa huku umeme unapita moja kwa moja, kwa sababu rilei ya ndani, ile swichi inayojiendesha yenyewe, imegandana. Ipime mwenyewe: chomeka taa ya mezani kwenye gadi, chomoa gadi ukutani, irudishe, hesabu. Taa ikiwaka papo hapo, hiyo si gadi tena, ni soketi ya bei ghali. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi michache.

Sitaapa kwamba kila kompresa niliyoikuta imekufa iliuawa na umeme uliorudi jana yake. Kompresa iliyoungua haisemi ni mrejeo upi uliimaliza. Mara nyingi naamini ilikuwa imeshachoshwa miezi mingi, na ule wa jana ukawa wa mwisho tu.

Taa zikianza kung'aa kupita kiasi, usichunguze kitu. Zima meini swichi. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ikiachia huko nje, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na hakuna kifaa cha nyumbani kinachostahimili.

Na tafadhali, tuache kusema Mtwara tuna gesi Msimbati kwa hiyo hatuna haja ya kujiandaa. Umeme uzalishwe jirani au mbali, unakufikia kwa waya unaopita kwenye minazi na mikorosho, na vikombe vya nguzo, vile vinavyoshikilia waya, vinavyonasa chumvi ya bahari. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa. Kompresa na rilei ninazofunga zinapita barabara hiyohiyo. Kuna siku hata fundi ukimpata, kifaa hutakipata.

Sasa samaki. Bei ikishuka Feri, soko la samaki, tunajaza friza, nami najaza. Friza iliyojaa ikifungwa inashika baridi kama saa 48, ya nusu kama saa 24, friji ya kawaida kama saa 4. Ndivyo tulivyofundishwa, lakini namba hizo zinataka mpira wa mlango unaobana. Bana noti mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea. Kwa friji kama hiyo, katika joto letu la Januari, mimi nazikata namba hizo nusu. Hilo ni kadirio la mkono wangu, halimo kitabuni.

Nafasi tupu ya friza ijaze chupa za maji, ukiacha pengo juu ili zisipasuke. Barafu ndiyo betri ya friza. Na usifungue "kuangalia tu".

Kwa jodari na vibua nawasihi. Wakikaa kwenye joto wanajenga histamini, aina ya sumu, na wanaweza kuwa nayo bila kunuka. Uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, tumbo linaharisha. Kukaanga hakuitoi, kuchemsha hakuitoi, kugandisha upya hakuitoi. Kama unataka kutengeneza ng'onda, samaki wa chumvi aliyekaushwa, anza samaki akiwa bado wa baridi, usisubiri alainike ndipo umkimbizie chumvi.

Mwenye insulini ya akiba aiweke kwenye chombo chenye chupa za barafu zilizofungwa taulo, isigusane na barafu yenyewe. Ikiganda imeharibika. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu wamelala.

La mwisho fanya leo, kabla umeme haujakatika. Gandisha kikombe cha maji kwenye friza, kikiwa barafu weka sarafu juu yake. Ukirudi safarini ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka yote ikaganda upya, na samaki waliomo humo usimpe mtu.