Klachi kuteleza na klachi kutokata: maana yake na namna ya kuzipima

Klachi ya lori la zamani ikianza kusumbua, swali la kwanza ni moja: inateleza, au haikati? Haya ni magonjwa mawili yanayopingana. Anayeyachanganya hushusha giaboksi bure, kwa sababu ugonjwa wa pili mara nyingi uko nje kabisa.

Klachi inateleza pale pleti (sahani ya msuguano inayopeleka nguvu kwenye giaboksi) inaposhindwa kubanwa vizuri kati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na presha pleti, sahani yenye springi inayoibana. Mguu hauko kwenye pedali, lakini nguvu ya injini haifiki yote kwenye giaboksi. Haikati pale unapokanyaga pedali mpaka chini na pleti bado inazungushwa na injini, hivyo gia zinagoma kuingia au zinakwaruza.

Kuteleza hujitokeza kwanza mlimani, lori likiwa na mzigo: resi (mizunguko ya injini) inapanda, spidi haipandi, na harufu ya kuungua inafuata. Ili kuthibitisha, tafuta barabara tupu iliyonyooka, injini ikiwa imepata moto. Tembea kama kilomita 40 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta yote. Resi ikiruka bila lori kuvuta, inateleza. Usirudie rudie kipimo hiki, kinaunguza pleti.

Sababu kubwa ni pleti kwisha. Ikibaki chini ya milimita 0.3 kutoka juu ya pleti hadi vichwa vya riveti (pini zinazoishikilia), haifai tena. Nyingine ni oili kuingia kwenye pleti kutoka sili (ringi ya kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi. Ukibadilisha pleti ukaiacha sili inayovuja, umetupa pesa. Lakini kabla ya kufungua chochote, hakikisha pedali ina uhuru kidogo juu, yaani inashuka milimita kadhaa kabla ya kuanza kuwa nzito. Bila uhuru huo, beringi ya klachi, ile inayoisukuma presha pleti unapokanyaga, inaisukuma muda wote. Pia, kwenye klachi inayoendeshwa na fluidi, mpira wa klachi (bomba laini linalopeleka fluidi hiyo) ukivimba kwa ndani, fluidi hukwama chini na klachi hubaki imekanyagwa nusu. Legeza nipo (kiskrubu cha kutolea upepo) ya silinda ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi: fluidi ikiruka kwa nguvu wakati hakuna aliyekanyaga pedali, tatizo ni presha iliyokwama. Pleti inaweza kuwa nzima.

Sasa klachi isiyokata. Washa injini, weka gia huru, kanyaga pedali mpaka mwisho, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza, haikati. Zima injini ujaribu tena. Gia zote zikiingia laini, giaboksi yenyewe haina kosa. Kama inayokwaruza ni gia ya pili peke yake unapotembea, angalia ringi za sinkro (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) za gia hiyo na uiache klachi.

Kwenye Canter na Isuzu nyingi za miaka ya 1990 klachi inaendeshwa na fluidi: silinda ya juu iko kwenye pedali, ya chini iko ubavuni mwa giaboksi. Pampu pedali mara tatu za haraka. Gia ikiingia, kuna upepo ndani ya fluidi au raba za silinda zimekufa. Funua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Ukikuta majimaji, raba zinavuja. Papasa pia ukuta wa kebini pale fimbo ya pedali inapoingia. Kama hakuna unyevu popote lakini pedali inazama polepole ukiishikilia, silinda ya juu inapitisha fluidi kwa ndani.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Mmoja anapampu na kushikilia chini, mwingine anafungua nipo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa, huku chupa ya juu ikijazwa isikauke. Tumia breki fluidi ya DOT 3 tu. Oili ya injini huvimbisha raba, na watu huitia kila siku!

Upepo ukiisha na fimbo ya silinda ya chini ikasukuma foki (mkono unaosukuma beringi ya klachi) kikamilifu, lakini gia bado zinagoma, hapo shusha giaboksi. Tazama foki iliyopinda, pleti iliyofungwa kinyume, springi zake zilizovunjika, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyoganda.

Mlio nao unasema. Ukisikika unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ukisikika kwenye gia huru na kupotea unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi.

Kabla ya kurudisha giaboksi, ingiza pleti mpya kwa mkono kwenye meno ya shafti. Iende na kurudi bila kukwama. Ikikwama, safisha kutu na upake grisi nyembamba sana, kwa sababu ikizidi itarukia pleti.