Chati Si Algoridhimu, Jamani

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa chuo alipanda ngazi za ofisi yangu pale Mwembe Tayari, Mombasa, na karatasi ya A3 kakunja kama mkeka. Akaitandaza mezani, sahani yangu ya mahamri akaisukuma kando. Mistatili ya buluu, almasi za njano, mishale yote imenyooshwa kwa rula. "Mwalimu, algoridhimu imekwisha," akasema. "Imebaki kuandika msimbo tu."

Imebaki msimbo tu, yaani maagizo ya kuiandikia kompyuta! Kauli hii mwaka huu nimeisikia mara nyingi kuliko "bado mmoja" ya stegi ya Likoni. Basi leo naandika, ili atakayekuja kesho nimpe linki nami nile mahamri yangu yangali moto.

Algoridhimu ni utaratibu wenyewe, hatua kwa hatua, wa kufanya kazi. Chati mtiririko, huo mchoro wa maumbo na mishale, ni njia moja tu ya kuuonyesha, na ni njia changa. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alieleza namna ya kupata kigawo kikubwa cha shirika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Mwanahisabati Al-Khwarizmi aliandika hesabu zake Baghdad katika karne ya 9, na jina lake ndilo lililokorogwa kwa Kilatini hadi likawa neno tunalogombania hapa. Hakuna kati yao aliyechora almasi hata moja. Michoro ya hatua za kazi Frank na Lillian Gilbreth waliipeleka kwa wahandisi wa Marekani mwaka 1921, na hata hapo shida yao ilikuwa kazi za viwandani. Wanahisabati Goldstine na von Neumann ndio walioiingiza kwenye kompyuta, miaka ya 1940.

Maumbo nayapitia mbio kwa kuwa ndiyo kitu pekee ambacho kila mwanafunzi anakijua: duaradufu ya kuanza na kumaliza, msambamba wa kuingiza na kutoa, mstatili wa kazi, almasi ya swali. Kiwango cha kimataifa kipo, ISO 5807 cha mwaka 1985. Ukichora kwa mkaa ukutani pia sina neno, mradi mishale isomeke.

Sasa almasi. Hapa ndipo ninapopandwa na mori.

Mradi wa kijana ulikuwa kupanga magari stegini. Almasi yake kubwa ya katikati imeandikwa: "Gari imejaa?" Ndiyo, ondoka. Hapana, ita abiria. Nikamwuliza, imejaa vipi? "Si imejaa tu, mwalimu. Watu wamejaa."

Mtu huyu kazaliwa Likoni. Nissan za Ukunda kazipanda tangu akibebwa. Anajua fika kwamba kwa sheria gari la abiria 14 hujaa kwa abiria 14, na kwa makanga, yule utingo, gari halijai kabisa: kuna bado mmoja, kuna sambaza (banana kidogo), halafu kinatolewa kibao cha kukalia. Mtoto aliyepakatwa anahesabiwa? Abiria akichoka kungoja akashuka zake, hesabu inashuka naye au inabaki juu? Kompyuta haijawahi kufika Likoni. Haina haya, haina busara, haina la kukisia. Ukiiuliza "imejaa?" bila kuipa namba, hujaiuliza kitu.

Akafikiri, akafuta, akaandika "abiria = 14?". Afadhali. Nikamwambia: gari lina 13, wanakuja mke na mume, wote wawili wanaingia kabla hujahesabu tena. Sasa ni 15. Je, 15 ni sawa na 14? Hapana. Basi unaita abiria. Wanakuwa 16, wanakuwa 17, na gari lako litakaa stegini mpaka baharini kukauke, maana 14 imeshapitwa na hairudi. Akabadilisha tena: "abiria > 14?". Hapo ndiyo kwanza gari litaondoka likiwa na mtu wa ziada, na trafiki wanakungoja mbele. Alama inayotakikana ni moja, ≥, na hata hiyo haitoshi: inaondoa gari stegini, lakini haimzuii yule wa kumi na tano kuingia na mkewe. Hiyo ni almasi nyingine, kabla ya mlango.

Kinachoniudhi ni kwamba makosa yote hayo matatu yamechorwa kwa almasi ileile ya njano, nzuri ileile, kwa rula ileile. Umbo linapokea neno lolote utakalolitia.

Jambo la pili ambalo mchoro haulisemi ni kama kazi itakwisha. Chukua ya Euclid: 48 na 18. Gawanya, inabaki 12. Gawanya 18 kwa 12, inabaki 6. Gawanya 12 kwa 6, inabaki sifuri, basi jibu ni 6. Inakwisha kwa nini? Kwa sababu kila baki ni dogo kuliko lililotangulia, na haliwezi kushuka chini ya sifuri. Hoja hiyo imo kichwani. Kwenye chati utaona mshale unaorudi juu, basi.

Halafu nikamchorea yangu, nyuma ya risiti. Ingiza namba n. Je, n ni 1? Ikiwa ndiyo, simama. Je, n ni shufwa? Ikiwa ndiyo, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, zidisha kwa 3 uongeze 1. Rudi juu. Ukianza na 27 utapanda hadi 9232 kabla ya kushuka, na utafika 1 baada ya hatua 111. Kompyuta zimeshajaribu kila namba hadi kupita 2 kwa kipeo cha 68, na zote zilifika. Lakini tangu Lothar Collatz alipoliwaza swali hili katika miaka ya 1930, hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba itafika. Almasi mbili tu, na wanahisabati wa dunia nzima wamekwama.

Vitabu husema algoridhimu sharti iwe na mwisho. Nami darasani husema hivyo, kisha narudi ofisini kuhudumia mfumo wa malipo usiotakiwa kusimama usiku wala mchana, na ninauita algoridhimu bila kupepesa macho. Wenzangu wana majibu yao juu ya hili, mimi hayajaniridhisha. Na chati nachora bado, hasa nikiwa na mfanyabiashara anayetaka kuona fedha zake zinapita wapi. Kama ni vizuri kumwanzishia mwanafunzi kwa chati au kwa maneno matupu, nimejaribu njia zote mbili na kila muhula nabadili mawazo.

Hata mchoro sahihi hauna dhamana. Mwaka 2006 mwandishi wa programu Joshua Bloch alieleza kosa katika msimbo wake mwenyewe wa kutafuta kwa kugawa nusu, ndani ya maktaba ya Java, lugha ya kuandikia programu: nafasi ya katikati ni nafasi ya chini jumlisha ya juu, gawa kwa 2. Karatasini hakuna atakayelikosoa. Ndani ya mashine, jumla ikipita 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida ya Java, inageuka kuwa hasi.

Kijana aliitazama risiti yangu kitambo, hamri langu moja mkononi mwake.

"Mwalimu, na mtu akiingiza sifuri?"

Sifuri si 1. Ni shufwa. Nusu yake ni sifuri. Rudi juu. Nikaichukua risiti nitafute almasi ya kukagua namba inayoingia, na sikuwa nimeichora.