Spiriti haiponyeshi tundu la mdomo

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: ukitoboa mdomo wa juu, paka spiriti na uzungushe kipini kila siku kisigande. Si kweli. Spiriti hukausha na kuunguza ngozi changa, na kuzungusha hutonesha kidonda. Safisha kwa salaini ya duka la dawa, yenye chumvi asilimia 0.9, na usukutue kinywa baada ya kula.

Wengi huchanganywa na ule mwasho wa spiriti, wakidhani dawa inafanya kazi. Majimaji meupe yanayokauka ni ya kawaida. Usaha wenye harufu, homa au uvimbe unaozidi ni mambo ya hospitali. Muulize mfamasia kabla ya kupaka chochote. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.