Usiiwashe Kwanza

Mzee aliishusha kompyuta kwenye bodaboda, imefungwa kwa mpira wa tairi, akaniambia: "Fundi, hii ilikuwa inawaka vizuri. Niliizima kwa mkono wangu mwenyewe." Zamani alikuwa na steshenari pale Majengo. Sasa banda linavunjwa, na watu wa vyuma chakavu walishaipigia bei kwa kilo. Macho yake yakaanza kutafuta soketi. Nikamwambia, "Mzee wangu, tusiiwashe kwanza."

Kompyuta iliyolala miaka mingi hudhurika taratibu kwa kule kulala. Lakini pigo la ghafla huipata siku ya kuamshwa. Kapasita za pawa, vile vipipa vinavyotunza chaji kwenye kisanduku cha umeme, zimekauka, panya wamekojoa humo, nyigu wamejenga vichuguu vya udongo kwenye matundu ya nyuma. Ukiipa umeme katika hali hiyo, kilichokuwa kizima dakika moja nyuma kinaweza kuungua.

Kwa hiyo huanza na kaunta buku. Naandika modeli na namba zilizo kwenye lebo, imetoka wapi, nani aliitumia na kwa kazi gani. Napiga picha pande zote kabla ya kugusa skrubu, kisha kila hatua ya kufungua. Skrubu nazibandika kwa selotepu kwenye karatasi niliyochora kasha, kila moja mahali pake. Maandishi ya kalamu ya wino mzito siyafuti. Hii ya mzee ilikuwa na "USIZIME MITIHANI" ubavuni, na hayo yataendelea kukaa hapo.

Ndani nilikuta nilichokihofia. Ni mashine ya 486, yaani yenye prosesa ya mwanzoni mwa miaka ya 90, na madaboodi (bodi kuu) nyingi za enzi hizo zina betri ya nikeli-kadimiamu, kipipa kidogo cha volti 3.6, mara nyingi cha bluu, kilicholehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Ikizeeka huvuja. Juu ya bodi palikuwa na ukoga wa kijani uliotambaa hadi chini ya soketi ya kibodi, ukila njia za shaba. Nilikata betri. Kinachovuja humo si asidi, ni alkali, ndiyo maana nilipaka siki kwa mswaki mlaini hadi povu likakoma. Nikasuuza kwa maji ya betri ya gari (yale safi, asidi usiiguse!), nikamalizia na spiriti, kisha nikaiacha ikauke siku mbili. Njia mbili zilikuwa zimekatika. Nikaziunga kwa waya mwembamba, nikaandika kwenye kaunta buku ni zipi, ili fundi wa baadaye asidhani kiwanda ndicho kiliziweka.

Usitegemee kukuta huku kompyuta za mezani za mwishoni mwa miaka ya 70. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zilizo mikononi mwa watu wa kawaida ni za miaka ya 90 kuja huku. Zile zilizoishi Dar es Salaam huniletea kutu ya chumvi. Za Dodoma huleta vumbi jekundu, lakini chuma chake bado kinang'aa. Ukame wetu una faida zake. Vumbi nalipuliza kwa hewa, feni nikiwa nimeishika kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo bearingi hufa.

Plastiki kugeuka njano siitibu. Inatokana na mwanga pamoja na bromini iliyochanganywa ili plastiki isishike moto haraka. Wapo wanaoing'arisha kwa dawa za saluni. Mimi naona ni kumpaka mzee rangi ya nywele bila kumuuliza.

Kwa laptopu nitasema machache: toa betri ya lithiamu kabla haijavimba, na usilazimishe bawaba, maana plastiki inayozishika huwa imeshakuwa kama biskuti.

Moyo wa kazi ni diski, pale faili zote zinapokaa. Siinakili faili moja moja. Naiunganisha kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux na kuchukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue, programu inayosoma kwanza sehemu zilizo nzima, kisha kurudia zile mbovu. Inaandika ilipofika, hivyo umeme wa Luku ukiisha katikati ya usiku, asubuhi inaendelea pale pale. Nakili pia kwenye daftari namba za silinda, vichwa na sekta zilizo kwenye lebo ya diski, maana ndizo zinazoiambia bodi diski imegawanywaje. Betri ikishakufa, bodi nyingi za zamani husahau diski yake na kukuuliza wewe.

Humo ndimo ulipo upekee. Laptopu ya ThinkPad ya IBM utaikuta popote duniani. Lakini mwaka jana nilifungua kompyuta ya Pentiamu III nikakuta Jambo OpenOffice, ile programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, menyu zote zikisoma kwa lugha yetu. Kasha lilikuwa limepasuka. Nisingelibadilisha na jipya lolote.

Diski ya mzee ilijaa barua za kuomba kazi na mitihani ya majaribio ya shule, siri za watu, kwa hiyo nakala ni yake na mimi sisomi. Alipokuja kuichukua aliomba nimfungulie faili moja tu, BEI.DOC. Akavaa miwani, akasoma bei zake za kuchapa ukurasa, akacheka hadi akakaa. Kisha akaniomba nimtolee kopi moja, akasisitiza kuilipia kwa bei ile ile ya kwenye karatasi.