Vikwazo vya mafuta vya 1973 havikuyaua magari ya V8

Jioni za kiangazi nchini Uswidi, hasa Västerås, mji uliojulikana kwa miaka mingi kwa mkusanyiko wa Power Big Meet, magari makongwe ya Kimarekani hupita mitaani polepole kwa msururu. Baadhi ni ya kizazi kilichoanza na Pontiac GTO ya 1964, gari la ukubwa wa kati lililopewa injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Inaaminika sana kwamba kizazi hicho kilikomeshwa na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoacha kuiuzia Marekani mafuta.

Tarehe zenyewe zinakataa. Injini maarufu ya Hemi ya Chrysler, yenye ujazo wa lita 7, ilifungwa kwenye magari ya barabarani kwa mara ya mwisho katika matoleo ya 1971. Katika matoleo ya mwaka huohuo General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake, yaani kiasi zinavyobana hewa na petroli kabla ya kuviwasha, ili ziweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo, kwa kuwa masharti ya moshi yalikuwa yanazidi kukazwa. Kabla ya hapo kampuni za bima zilikuwa zimeshapandisha ada kwa vijana, ambao ndio waliokuwa wateja wakuu, na kwa maoni yangu pigo hili husahauliwa isivyo haki. Ama takwimu za nguvu zilizoporomoka 1972, sehemu ya anguko hilo ilikuwa ya kwenye karatasi tu: watengenezaji walianza kupima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, kama inavyokuwa ndani ya gari.

Vikwazo vilikuta soko hilo limeshanywea; walioumia zaidi 1974 walikuwa wauzaji wa magari makubwa ya familia.