Mtoto Aliyejibu Asilimia 20

Swali lilikuwa hili: Mfanyabiashara alinunua gunia la viazi Uyole kwa shilingi 60,000, akaliuza mjini kwa shilingi 75,000. Alipata faida ya asilimia ngapi? Machaguo yalikuwa matano: 15, 20, 25, 80 na 125. Jibu ni 25. Mtoto aliweka kivuli kwenye 20, akapata sifuri.

Mama yake, muuza viazi wa Soko la Mwanjelwa, aliniletea karatasi ile. "Shikamoo mwalimu. Huyu amekosa kabisa, au alikuwa amekaribia?"

Alikuwa amekaribia sana. Mimi ni mmoja wa watunzi wa mitihani ya utamilifu ya darasa la saba huku Mbeya, na swali lile nililitunga mwenyewe. Machaguo yasiyo sahihi tunayaita vipotoshi, na kipotoshi hakiokotwi tu njiani; kinatoka kwenye kosa ambalo watoto hulifanya kweli. Aliyechagua 20 ametoa vizuri akapata 15,000, amejua kutafuta asilimia, ila amegawa kwa bei ya kuuzia badala ya bei ya kununulia. Aliyechagua 125 amegawa kwa bei inayotakiwa, akasahau kuondoa 100. Wa 80 amegeuza bei juu chini. Wa 15 ameiona elfu kumi na tano akaishia hapo. Watoto wanne, na kila mmoja anahitaji somo lake. Mashine ya kusahihishia inawapa wote sifuri, sawasawa na aliyeacha wazi.

Wazo hili la jibu kuwa sahihi lote au kosa lote ni la zamani. Mwaka 1915 huko Kansas, Marekani, Frederick Kelly alitoa mtihani wake wa kusoma kimya, akataka kila swali liwe na tafsiri moja tu, na lisiwepo jibu la nusu kwa nusu. Alikuwa anapigana na tatizo la kweli: karatasi moja, walimu wawili, alama mbili tofauti. Sisi Tanzania tulianza kutumia fomu za OMR, zile ambazo mtoto anaweka kivuli na mashine inasoma, kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2012, na kwa watahiniwa ambao sasa wanazidi milioni moja kwa mwaka, sioni namna ya kusahihisha njia ya kila mtoto kwa haki na kwa wakati. Siupingi utaratibu huo. Ninachodai ni kwamba tujue unaficha nini.

Unaficha hata namna unavyolipa ujuzi wa nusu. Anayebahatisha kati ya machaguo matano ana nafasi moja kati ya tano. Kwenye maswali 40 atapata wastani wa 8 bila kujua lolote. Anayeweza kufuta matatu kwa akili anabaki na nafasi moja kati ya mbili. Kwa hiyo ujuzi wake unalipwa, lakini kwa bahati: leo alama nzima, kesho hakuna. Marekani, mtihani wa SAT, wa kuomba kujiunga na vyuo, ulikuwa ukikata robo alama kwa kila kosa la machaguo matano ili kufuta faida ya kubahatisha. Waliacha mwaka 2016.

Basi walimu wenzangu, tusiishie kwenye jumla. Hesabuni wangapi wamechagua kila herufi. Baraza la Mitihani lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu zinazofanya hivyo swali kwa swali. Darasa likimiminika kwenye 20, kesho asubuhi fundisha kigawanyo, usirudie faida yote tangu mwanzo. Yule mama alimaliza kazi palepale sokoni: "Mwanangu, faida unaipima kwa hela uliyoshika au kwa mtaji uliotoa?"

Lipo kosa jingine linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni letu watunzi. Niliwahi kuuliza kwa nini Tukuyu hupata mvua nyingi. Jibu langu lilikuwa Milima ya Rungwe. Ziwa Nyasa nililiweka kama kipotoshi. Baada ya mtihani tukapanga karatasi kwa alama, tukachukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, tukalinganisha. Wa chini walilipata swali lile zaidi kuliko wa juu. Wanafunzi bora walikuwa wamekimbilia ziwa, na walikuwa na hoja: unyevu unatoka ziwani, milima inaupandisha, hewa inapoa, mvua inanyesha. Bila kimojawapo, Tukuyu isingekuwa Tukuyu. Nilikuwa nimewaadhibu waliofikiri hatua moja zaidi yangu.

Tulilifuta swali, alama zikahesabiwa upya. Kuandika "sababu kuu" kusingetosha, maana mtoto angebaki kubahatisha mtunzi anapendelea ipi. Sasa linasomeka hivi: Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa unapofika Milima ya Rungwe, ni badiliko gani la hewa husababisha mvua kunyesha Tukuyu?